Kagera Ijifunze kwa Juliana Rotich

Ndugu zangu wa Bukoba na Muleba, alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitupiga. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa, majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato yakaharibika vibaya. Siku kama ile swali kubwa huwa moja: nani amekwama wapi, na anahitaji nini? Programu ya kulijibu ilikuwepo tayari, imetungwa na Wakenya jirani zetu, na yeyote aliruhusiwa kuichukua bila malipo.

Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh alitoa wazo kwamba raia waripoti wenyewe wanayoyaona. David Kobia akaandika programu kwa siku chache, na pamoja na Erik Hersman na Juliana Rotich wakaizindua kwa jina la Ushahidi. Mtu alituma ujumbe mfupi kwa simu ya kawaida, na tukio likaonekana kwenye ramani.

Huyu Juliana ndiye nataka mabinti zetu wamfahamu. Alizaliwa mwaka 1977, akasomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, na kwa elimu ile angeweza kukaa huko akala mshahara wake kwa raha. Akachagua kuitumikia Afrika. Aliiongoza Ushahidi akiwa mkurugenzi mtendaji, akashiriki kuunda BRCK, kisanduku cha intaneti chenye betri ya kuhimili umeme unapokatika (watu wa visiwa vya Goziba na Bumbile wanajua thamani ya kitu kama hicho), na mwaka 2019 akapewa Tuzo ya Afrika ya Ujerumani.

Lakini kwangu mimi, jambo kubwa kuliko tuzo ni kwamba yeye na wenzake waliacha msimbo wa programu yao wazi, ili mwingine ausome, aubadilishe, autumie. Tetemeko lilipoiangamiza Haiti, Januari 2010, wanafunzi wa kujitolea karibu na Boston waliichukua Ushahidi wakaanza kazi mara moja. Waliokuwa kwenye maafa walituma ujumbe kwa namba 4636, Wahaiti waishio ughaibuni wakautafsiri kutoka Krioli, na maombi yakawekwa kwenye ramani. Wahaya nao wametapakaa duniani. Kazi hiyo wanaiweza.

Wapo wasemao kuwa cha bure hakina dhamana. Hao watazame simu zao: Android imejengwa juu ya Linux, aliyoianzisha kijana wa Kifini, Linus Torvalds, mwaka 1991. Hata taarifa za zahanati zetu huingizwa katika DHIS2, programu huria, yaani yenye msimbo wazi, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi kubwa. Aibu iko kwenye nakala za wizi tunazopachikiana kwa flashi, zimejaa virusi, na zikiharibika hatuna wa kumlalamikia. Nguo ya kuazima haisitiri.

Hata hivyo tusidanganyane. Programu huria bila fundi wa kuitunza hufa, na ramani iliyojaa vilio bila mtu wa kuitikia ni ukatili. Kwa hiyo wazazi, walimu na madiwani, fundisheni kwanza watu. Mwanafunzi asiishie kujua kuchapa barua. Afungue msimbo, aone ulivyoandikwa, ajaribu kuurekebisha.

Na pa kuanzia pako shambani. Mnyauko wa migomba umetutesa miaka mingi. Mkulima anajua dalili zake: jani linalegea na kuwa njano, ndizi inaiva kabla ya wakati, ukikata shina unatoka usaha wa manjano. Anajua pia kwamba ua dume liondolewe kwa uma wa mti, kwa kuwa panga huhamisha ugonjwa. Asichokijua ni kama umeshafika kijiji cha pili. Basi vijana wa Muleba waliosomea kompyuta waketi na maafisa ugani, wasimike Ushahidi kwenye mashine moja, watangaze namba ya simu kanisani, msikitini na gulioni, na mkulima akituma ujumbe asubuhi, afisa awe shambani kwake kabla panga halijaenda kwa jirani.