Kura Ilikuja, Madini Yalibaki

Wandugu, kule kaskazini ya Kanada, katika inchi ya barafu, iko jimbo jina lake Nunavut, na wenyeji wake wengi ni Wainuit. Siku ya 15 Februari 1999 walichagua baraza lao la kwanza: wajumbe 19, na kati yao mwanamke mmoja tu! Vyama havikushindana, kila mtu alisimama kwa jina lake. Kiisha wajumbe wenyewe wakamweka Paul Okalik kuwa kiongozi wa serikali, na tarehe 1 Aprili jimbo likazaliwa.

Tunawasifu. Walidai miaka mingi bila kumwaga damu, mpaka mapatano ya 1993. Lakini sisi watu wa migodi tunauliza: na madini je? Mapatano yale yaliwapa Wainuit madini ya kipande tu cha ardhi. Sehemu kubwa ilibaki mikononi mwa Ottawa. Baraza likatunga sheria za shule na hospitali, lakini ruhusa ya kuchimba udongo ule ilitoka mbali.

Katanga hatuna haja ya kuelezwa jambo hili. Tulipiga kura Mei 1960, na Union Minière ikashika shaba mpaka mwisho wa 1966.

Wainuit hawakunyamaza. Tarehe 18 Januari 2024 walitia sahihi pamoja na Ottawa, mamlaka juu ya ardhi na madini yaende kwa jimbo. Siku iliyowekwa ni 1 Aprili 2027. Hesabuni wenyewe: tangu kura ya kwanza, miaka 28.