Kamati Isivunjwe Baada ya Sindano

Jamaa wa Bongwe wanapochangishana ili mgonjwa wao akachomwe uvimbe wa saratani ya ini Nairobi au India, bajeti huwa na nauli, malazi na gharama ya tiba. Mgonjwa akirudi, watu hushukuriana na kamati huvunjwa. Toleo hili linapinga desturi hiyo.

Tiba yenyewe ni nzuri. Tusimtie mtu hofu nayo. Daktari hupenyeza sindano hadi ndani ya uvimbe, mawimbi ya redio yakaupasha joto la nyuzi 60 hadi 100, seli zikafa. Uvimbe usiozidi sentimita 3 ndio unaoitikia vizuri zaidi. Shida iko pembezoni, ambako joto hushuka hadi nyuzi 45 au 50, hasa mshipa mkubwa wa damu ukipita karibu na kupoza mahali pale. Seli za huko huungua nusunusu. Zinazosalimika hubanwa na uhaba wa oksijeni, nazo huitikia kwa kutoa VEGF, kichocheo cha kuotesha mishipa mipya ya damu.

Halafu kuna tabia ya ini lenyewe. Tangu 1931, Higgins na Anderson walipochapisha kazi yao, inajulikana kwamba panya aliyekatwa theluthi mbili za ini hulirudisha baada ya muda mfupi. Sifa hiyo tunayoistaajabia ndiyo inayotuponza hapa. Jeraha la moto huamsha vichocheo vya ukarabati, IL-6 na HGF, navyo havibagui seli njema na seli ya saratani. Katika panya vimeonekana kukuza hata uvimbe ulio mbali na palipochomwa. Kwa panya, nasema. Kwa binadamu mjadala haujaisha.

Je, hakuna dawa ya kuzuia vichocheo hivi? Jaribio la STORM, lililochapishwa 2015, liliwapa sorafenib wagonjwa waliokatwa au kuchomwa uvimbe. Dawa hiyo huziba njia ya VEGF, lakini saratani ilirudi vilevile. Jaribio la IMbrave050, la dawa nyingine, lilileta matumaini 2023, ufuatiliaji wa baadaye ukayapunguza. Kinachobaki ni kupigwa picha: skani mwezi mmoja hivi baada ya tiba, kisha kila baada ya miezi michache kwa miaka 2 ya mwanzo, ili uvimbe ukirudi ukutwe ungali mdogo na uchomwe tena. Fedha za skani hizo ziandikwe kwenye bajeti tangu kikao cha kwanza cha mchango.

Mtasema hii ni tiba ya wenye nacho, na hamjakosea. Utafiti wa nchi 9 za Afrika uliochapishwa 2017, Tanzania na Uganda zikiwamo, ulikuta kwamba nje ya Misri nusu ya wagonjwa wa saratani ya ini hawakufikisha hata miezi 3 tangu kugunduliwa. Misri ilikuwa karibu miezi 11, na huko wengi zaidi hugunduliwa mapema. Wengi wetu tuliozaliwa kabla ya chanjo ya homa ya ini B kuingizwa katika ratiba ya watoto wa Kenya, mwishoni mwa 2001, hatujui hata kama tunavyo virusi hivyo vinavyoweza kuleta saratani hii. Kipimo ni cha damu. Aliye navyo amuulize daktari kama anahitaji ultrasaundi ya ini kila miezi 6, na kutoka Bongwe kwenda hospitali ya Msambweni kwa picha hiyo hakuna feri ya kuvuka.