Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Baiskeli Katika Vilima vya Rwanda

Wazee wetu walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mnamo Septemba 2025, tangu tarehe 21 hata tarehe 28, jiji la Kigali lilipokea wageni wa aina yake, nao ni waendesha baiskeli mashuhuri wa ulimwengu, wanaume kwa wanawake, waliokwenda kushindania ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani. Mashindano hayo yana umri wa zaidi ya miaka mia moja, na kabla ya hapo hayakupata kufanyiwa katika bara la Afrika hata mara moja. Sasa vumbi limetua, mabingwa wamekwenda zao na medali zao, na barabara zimerudi kwa wenyewe. Basi ni haki kuuliza: je, mwenyeji amepona?

Sisi watu wa Pwani huenda tukalichukulia jambo hili kwa wepesi. Anayeendesha baiskeli kutoka Makupa hadi Bamburi, adui zake ni jua na matatu, kilima hakijui. Baiskeli kwetu ni chombo cha muuza mkate, cha muuza madafu na cha fundi anayewahi kazini. Lakini Rwanda ni nchi nyingine. Watu huiita nchi ya vilima elfu, na wala hawakutia chumvi. Kigali yenyewe iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila mtaa umekaa mgongoni mwa kilima, bonde likiutenga na mtaa jirani. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya kwetu, na kifua cha mgeni hulijua hilo kabla ya miguu yake.

Njia walizopita

Mbio za wanaume wakubwa, zilizofanywa siku ya mwisho, zilikuwa za kilomita 267.5. Huo ni urefu wa kuchosha, lakini si urefu uliowavunja watu. Kilichowavunja ni vilima. Ukijumlisha kila mwinuko waliopanda siku hiyo unapata mita 5,475. Mlima Kilimanjaro, tangu usawa wa bahari hata kilele chake, ni mita 5,895. Yaani watu wale walikaribia kupanda Kilimanjaro nzima kwa siku moja, vipande kwa vipande, wakipanda na kushuka na kupanda tena. Walioanza walikuwa zaidi ya 160. Waliomaliza walikuwa 30 tu.

Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia, ambaye alikuwa bingwa tangu mwaka uliotangulia. Alichomoka katika mwinuko wa Mlima Kigali zikiwa zimesalia kilomita zaidi ya mia moja, na sehemu kubwa ya mwisho akaenda peke yake. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alikuwa wa pili, na Ben Healy wa Ireland wa tatu. Siku moja kabla, katika mbio za wanawake za kilomita 164.6, Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wachache walimtaja katika utabiri wao, aliwashinda wenye majina makubwa.

Kwa nini kilima kiwe hakimu mkali namna hii? Msomaji anayejua bahari ataelewa upesi. Barabara ikiwa tambarare, adui wa mwendesha baiskeli ni upepo. Anayekaa nyuma ya mwenzake hukingwa, mfano wa dau dogo lililojibanza ubavuni mwa jahazi, na kwa hila hiyo hata dhaifu huweza kufika pamoja na mwenye nguvu. Lakini mlimani mwendo hupungua, upepo hukosa maana, na kila mtu hubaki na uzito wake na pumzi zake. Hapo huonekana nani alikula vizuri tangu utotoni, nani alipata mwalimu na daktari, na nani alipewa baiskeli nyepesi ya kufanyia mazoezi kwa miaka kumi. Mlimani hakuna pa kujificha.

Nyamirambo, mtaa wa jamaa

Njia hiyo ya Mlima Kigali ina jambo linalotugusa sisi. Mlima huo umeuinamia mtaa wa Nyamirambo, na karibu na hapo ndipo wapandaji walipokutana na mwinuko mfupi mkali uliotandikwa mawe, ambao wenyeji huuita Kwa Mutwe, jina ambalo sikio la Mswahili halihitaji kufasiriwa neno lake la kwanza. Nyamirambo na Biryogo iliyo jirani ni makao ya kale ya Waislamu wa Kigali. Mji huo ulipoanzishwa na Wajerumani mwaka 1907, walifika wafanyabiashara na askari waliotoka upande wa Pwani, wakaja na lugha yao na dini yao. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa hapo mwaka 1913. Wabelgiji walipotawala waliwatenga watu hao katika kitongoji chao, na mpaka leo wapo wazee wanaokumbuka jina la Kambi ya Waswahili. Mwaka 1994, nchi ilipoingia katika mauaji ya kimbari, wako Waislamu wengi wa mitaa hiyo waliowaficha majirani zao pasi na kuuliza kabila. Na mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi hiyo.

Kwa hiyo, televisheni zilipouonyesha ulimwengu umati uliojipanga ukingoni mwa njia, wengine juu ya mapaa, wakishangilia kila mpandaji hata yule wa mwisho anayetweta, miongoni mwao walikuwamo watu ambao babu zao na babu zetu walikunywa maji ya kisima kimoja.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini je, alishinda?

Wasidhani wasomaji kwamba Wanyarwanda waliijua baiskeli kwa kuletewa na wageni. Katika vilima vya mashambani, baiskeli ndiyo lori la maskini. Huipakia viazi vya Musanze, mikungu ya ndizi, mitungi ya maziwa na mara nyingine kitanda kizima. Penye mwinuko huisukuma kwa mikono, na penye mteremko huiachia kwa breki zilizochakaa huku wakimtaja Mungu. Wale wanaobeba abiria huitwa abanyonzi, na kazi yao haina tofauti na ile iliyozaa neno letu bodaboda kule Busia, kabla ya pikipiki kulichukua jina. Ng'ambo ya mpaka, huko Goma, wenzao husukuma chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, na kazi hiyo imeheshimiwa kwa kujengewa sanamu mjini.

Mashindano ya kuizunguka nchi hiyo, Tour du Rwanda, yalianza mwaka 1988. Tangu mwaka 2009 yamo katika kalenda ya chama cha dunia cha mchezo huu. Njia zake huwachukua wapandaji hadi Huye upande wa kusini, hadi Musanze penye vivuli vya milima ya volkano, hadi Karongi na Rubavu kando ya Ziwa Kivu, na mara nyingine hukata msitu wa Nyungwe, kupita mita 2,000, hadi kuteremkia Rusizi penye mashamba ya chai. Timu ya taifa ilipoundwa katika miaka ya 2006 na 2007, akisaidia Mmarekani Jock Boyer, waliotafutwa kwanza walikuwa vijana wa namna hii hii, na walikuwamo waliokuwa wakibeba abiria kwa baiskeli ili wapate riziki. Katika kizazi hicho alitoka Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake mwaka 1994 na ambaye mwaka 2012 alikwenda kuiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya London.

Matunda yalionekana. Kuanzia mwaka 2014 hadi 2018, miaka mitano mfululizo, Tour du Rwanda ilishindwa na Wanyarwanda wenyewe: Valens Ndayisenga mara mbili, Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya na Samuel Mugisha. Nchi nzima ikafurahi, na kweli mcheza kwao hutunzwa.

Mwaka 2019 mashindano yakapandishwa daraja. Timu kubwa za Ulaya zikaanza kuja na magari yao, mafundi wao na wapishi wao. Tangu mwaka huo hadi 2025 hapana Mnyarwanda hata mmoja aliyepata ushindi wa jumla. Waliutwaa Waeritrea, Mhispania, Mwingereza na Mfaransa. Na katika ubingwa wa dunia, medali zote za mbio kuu za barabarani, za wanaume na za wanawake, zilikwenda nje ya Afrika.

Hapo ndipo pana fundo la habari hii. Meza ilipotandikwa vizuri zaidi, mwenye nyumba akasogezwa mwisho wa mkeka. Kosa si la wageni, maana mchezaji huja kucheza. Wala si la vilima, ambavyo mwenyeji anavijua kuliko yeyote. Tatizo ni kwamba kupandisha daraja la mashindano ni kazi ya miaka michache na fedha nyingi, ilhali kumpandisha daraja kijana wa kijijini ni kazi ya miaka kumi na subira nyingi. Eritrea imetufundisha somo hilo. Biniam Girmay, aliyeshinda hatua tatu na jezi ya kijani ya Tour de France mwaka 2024, ametoka katika nchi isiyo tajiri, lakini ambayo baiskeli ni mapenzi ya watu, na ambako mbio za mtaani hazingoji mgeni wala kamera.

Sifa na wasiwasi

Haifai pia kufumbia macho upande wa siasa. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wamekwisha kusema kwamba waasi hao wanasaidiwa na Rwanda, jambo ambalo serikali ya Kigali imelikana. Mwezi uliofuata Bunge la Ulaya lilitaka mashindano ya dunia yaondolewe Kigali, na timu moja ya Ubelgiji ikajitoa katika Tour du Rwanda. Chama cha dunia kilikataa kuyahamisha. Wako wasemao kwamba michezo ya namna hii ni rangi inayopakwa ukutani ili ufa usionekane. Wengine huwajibu kwamba Afrika nayo ina haki ya kuwa mwenyeji kama wengine, na kwamba Ulaya haikuwahi kuulizwa maswali kama hayo ilipokuwa na vita vyake. Hoja zote mbili zina uzito, na moja haiifuti nyingine. Mtu aweza kuufurahia umati wa Nyamirambo na papo hapo akamlilia mama wa Goma aliyekimbia na mtoto mgongoni.

Kuna na jambo la chini zaidi, lisilofika mabungeni. Wiki ile shule za Kigali zilifungwa na barabara nyingi zikazuiwa ili baiskeli zipite. Lakini abanyonzi, ambao baiskeli ndiyo sahani yao ya chakula, wamewahi kupigwa marufuku katika barabara kuu za jiji hilo hilo. Baiskeli ya mgeni ikawa fahari, na ya mwenyeji ikawa kero. Kupona kwa mwenyeji kutapimwa hapo, zaidi ya mezani pa medali.

Nasi je?

Tusiwacheke wenzetu. Kenya ilimzaa Chris Froome jijini Nairobi mwaka 1985. David Kinjah akamfunza katika vilima vya Kikuyu. Naye akaishinda Tour de France mara nne chini ya bendera ya Uingereza. Tulikuwa na Suleiman Kangangi, aliyemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017, na ambaye alifariki dunia Agosti 2022 alipoanguka mashindanoni huko Vermont, Marekani. Na hapa hapa mkoani mwetu, kutoka Voi, iliyo kiasi cha mita 600, mtu hupita Mwatate akazipanda zile kona hadi Wundanyi, zaidi ya mita 1,300, kwa mwendo usiofika kilomita hamsini. Ni njia ambayo mashindano mengi yangeitamani. Kila siku wako vijana wa Kitaita wanaoipanda na mizigo ya mboga kwenye keria, bila kofia ngumu, wakibanwa ukingoni na malori.

Kabla ya kutamani umati wa Kigali, tuwape vijana hao kwanza ukingo wa lami wa kupitia salama, fundi anayejua gia, na mbio ndogo za kila mwezi baina ya Mwatate na Wundanyi, zawadi yake hata iwe tairi mbili na mnyororo. Rwanda ilianza hivyo hivyo, kwa wabeba abiria, na ikashinda miaka mitano. Ilipowapa wageni nafasi ya mbele mapema, ushindi ukahama. Mgeni akija tena, na akute mwenyeji amekwisha kuamka.