Mjomba Arkwright Hanichekeshi Tena

Leo nataka kuchokoza nyuki.

Pale chumba cha habari ninapofanyia kazi kuna mhariri mmoja, mzee wa heshima zake, aliyewahi kusoma Uingereza enzi hizo. Kijana yeyote akichelewa kuleta habari, au akithubutu kuuliza posho ya mwezi uliopita, mzee humjibu kwa jina moja tu: Arkwright. "Nendeni mkamtazame Arkwright," anasema. "Yule ndiye mtu aliyejua kazi. Nyie mnataka hela kabla ya jasho."

Haya mzee, shikamoo. Nimekwenda kumtazama. Nimekaa naye usiku kucha, msimu baada ya msimu, mpaka macho yakawa mekundu kama ya mvuvi. Nimecheka, sikatai. Ila nimerudi na jibu ambalo hutalipenda: miaka yote hiyo ulikuwa unamwangalia mtu siye.

Kwa wasiomjua, nieleze kidogo. Open All Hours, yaani duka lililo wazi saa zote, ni komedi ya BBC iliyoandikwa na Roy Clarke. Ilianza kwa kipindi kimoja cha majaribio mwezi Machi 1973, ndani ya mfululizo wa Seven of One, ambao ulimpa Ronnie Barker hadithi saba tofauti. Kutoka humo humo ndimo ilimozaliwa Porridge, ile ya gerezani. Msimu wa kwanza ulionyeshwa 1976 kwenye BBC2, kisha kimya. Ikarudi BBC1 mwaka 1981, ikaendelea 1982, ikamalizika 1985. Misimu minne tu, lakini Waingereza hawajaisahau. Walipopiga kura mwaka 2004 kuchagua komedi yao bora ya televisheni, iliingia kwenye kumi bora.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Arkwright, anayechezwa na Barker, ana duka la mtaani kaskazini mwa Uingereza. Picha za nje zilipigwa Balby, kule Doncaster. Arkwright ni bahili kupita kiasi. Ana kigugumizi, ana koti la kazi, ana tamaa ya pesa na tamaa ya muuguzi Gladys Emmanuel anayeishi ng'ambo ya barabara. Mteja akiingia kuuliza njia, hatoki bila kununua kitu. Dukani kuna mashine ya zamani ya kuwekea pesa ambayo droo yake inajifunga kwa nguvu kama mtego wa panya, na mwenye vidole aviangalie.

Halafu yupo Granville.

Granville, anayechezwa na David Jason, ni mpwa wa Arkwright, mtoto wa dada yake. Mama hayupo, baba hajulikani vizuri. Amelelewa na mjomba dukani. Anaamka alfajiri, anatoa bidhaa nje, anafagia, anafuta, anapeleka mizigo ya wateja kwa baiskeli yenye kapu mbele, anarudi, anaitwa tena achukue kitambaa afute kitu kingine. Anaota mapenzi, anaota safari. Anamwona yule dada anayegawa maziwa asubuhi, moyo unamwenda mbio, na kabla hajamaliza sentensi mjomba keshamwita. Kila akilalamika kwamba ujana wake unaisha, jibu ni lile lile: siku moja, mwanangu, haya yote yatakuwa yako.

Siku moja. Nani kati yetu hajawahi kuambiwa hivyo?

Hebu tufanye hesabu. David Jason alizaliwa 1940. Msimu wa kwanza alikuwa na miaka 36, wa mwisho alikuwa na 45. Kijana wa dukani wa miaka 45! Barker mwenyewe alizaliwa 1929, kwa hiyo "mzee" alimzidi "kijana" miaka kumi na ushei. Watu wanasema ni mambo ya uigizaji tu. Mimi nasema pengine ndiyo sababu komedi ile inauma hata isipokusudia. Unamwona mtu mzima kabisa, nywele zinaanza kumsaliti, bado anaitwa kijana, bado anaomba ruhusa ya kutoka jioni.

Sasa mzee wangu atanijibu, na majibu yake nayajua.

Jibu la kwanza: "Hivyo ni vichekesho tu, acha kutafuta siasa kila mahali." Sawa. Lakini mbona wewe unapomtumia Arkwright kutukemea havigeuki kuwa vichekesho tu? Ukimtaja kama mfano wa bidii, ni somo. Nikimtaja kama mfano wa unyonyaji, ghafla ni mzaha. Chagua moja. Na tena usimwonee Roy Clarke. Yule mwandishi alijua alichokuwa anaandika, ndiyo maana Granville kapewa maneno mengi ya uchungu. Tatizo ni watazamaji waliochagua kumshangilia mwenye droo.

Jibu la pili: "Alimlea yatima, lazima amshukuru." Hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kumlea mtoto wa dada yako ni utu, tena utu mkubwa. Ila kulea hakukupi hati ya kummiliki. Kama kila sahani ya ugali uliyomlisha mtoto unaiandika kwenye daftari la madeni, basi hukumlea, ulimkopesha. Na mkopo huo una riba mbaya sana, kwa sababu aliyekopeshwa hajui deni lilianzia wapi wala litakwisha lini.

Jibu la tatu ndilo kubwa: "Bidii ndiyo iliyojenga Uingereza." Hapa tuzungumze historia. Komedi hii iliporudi hewani 1981, waziri mkuu alikuwa Margaret Thatcher, binti wa Alfred Roberts, mwenye duka la vyakula mjini Grantham. Alipenda kuwakumbusha watu kwamba amekulia dukani. Mwenye duka mdogo akawa shujaa wa siasa za wakati ule: hategemei serikali, hagomi, anaamka mapema. Doncaster ile ile ilikozungukwa na migodi ya makaa ya mawe iliingia katika mgomo wa wachimbaji kuanzia Machi 1984 hadi Machi 1985, na mwaka huo huo wa 1985 msimu wa mwisho ukaonyeshwa. Nchi ilikuwa inagombana vikali kuhusu kazi ni nini na nani anastahili kulipwa nini. Dukani kwa Arkwright ugomvi huo ulikuwa kati ya watu wawili tu, na mmoja wao ndiye aliyeshika funguo.

Na kuna jambo linalotugusa watu wa huku moja kwa moja. Agosti 1972, miezi michache kabla ya kipindi kile cha majaribio, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Karibu 28,000 walikwenda Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ilifikia hatua ya kuweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije. Walikuja hivyo hivyo, na wengi, kama wenzao waliotoka Kenya miaka ya nyuma kidogo, waliishia kuwa wenye maduka ya mitaani. Duka lililo wazi saa zote, katika Uingereza halisi ya miaka ile, mara nyingi lilifunguliwa na mtu aliyezaliwa Kampala au Nairobi.

Waingereza wakawasifu kama mzee wangu anavyomsifu Arkwright: watu wa kazi hawa, hawalali. Ni kweli hawakulala. Lakini nani mwingine hakulala? Mke aliyesimama kaunta. Mtoto aliyefanya hesabu za shule juu ya maboksi ya biskuti huku akisubiri mteja. Na tukirudi nyuma, kwenye maduka yale yale ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, kulikuwa na mtu mwingine kabisa: Mwafrika aliyeitwa "boi" hadi mvi zikamtoka. Yeye hakuwa mpwa wa mtu. Hata ile ahadi ya siku moja hakupewa.

Kwa hiyo msije mkadhani nawasema Wazungu. Wala siwasemi Wahindi. Tulipoyapata maduka sisi wenyewe, tulifanya nini?

Niwaambie. Nilipomaliza kidato cha sita, nikisubiri majibu, nilikaa miezi kadhaa kwa ndugu wa mama yangu mwenye duka Magomeni. Tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu aliyeletwa kutoka kijijini. Tulifungua saa kumi na mbili asubuhi, tukafunga saa tano usiku, na binamu alilala humo humo kati ya magunia ya unga na kreti za soda. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alitulisha, alitutania, alitupeleka hospitali tulipougua. Neno lake lilikuwa moja: "Vumilieni wanangu, nitawafungulia duka." Mimi majibu yalitoka, nikaondoka na nauli ya daladala na shati moja. Binamu alibaki. Huu ni mwaka wa saba. Mara ya mwisho nilipompitia alikuwa anafuta kaunta, na nilipomuuliza habari za lile duka lake alicheka. Kicheko kile nilikiona tena usiku ule nilipomtazama Granville.

Kama bado mnabisha, tazameni mwendelezo. Barker alifariki Oktoba 2005. Desemba 2013 BBC walirudi na Still Open All Hours, iliyoendelea hadi 2019, na duka sasa ni la Granville. Kumbe ahadi ilitimia! Mzee wangu atasema: si unaona? Ndiyo, naona. Naona David Jason wa miaka 73 akiwa amesimama nyuma ya kaunta ile ile, bahili yule yule, akiwahadaa wateja kwa ujanja ule ule wa mjomba. Na naona kijana mwingine akitumwa: Leroy, mtoto wake wa kumzaa. Urithi wa kweli wa Granville haukuwa duka. Alirithi tabia ya kumshikilia kijana mwingine mahali alipokuwa ameshikiliwa yeye. Waandishi wa komedi wametuonyesha mnyororo mzima, sisi tukapiga makofi.

Sisemi tusiitazame. Barker ni fundi, na zile dakika za mwisho wa kipindi, anapoingiza bidhaa ndani jioni huku akijisemea mwenyewe, ni raha tupu. Cheka ukipenda. Ila ukimaliza kucheka, nenda duka la mtaani kwako, mtazame yule kijana anayekupimia sukari, kisha jiulize mambo matatu. Analipwa kila mwezi, au anaahidiwa? Ana siku ya kupumzika? Na hiyo ahadi ya duka imeandikwa popote, hata kwenye karatasi ya daftari? Kama majibu yote ni hapana, na mwenye duka ni baba yako au shangazi yako, basi ugomvi uanzie nyumbani kwenu, kwenye sebule yenu, si kwa Arkwright.

Mimi nimeanza. Jumapili iliyopita nilikwenda Magomeni, nikakaa na mjomba, nikamuuliza kwa adabu zote kuhusu binamu. Alikasirika. Alisema elimu imeniharibu. Nitarudi tena Jumapili ijayo, na safari hii naenda na mama, kwa sababu dada yake hawezi kumfukuza.

Na wewe mhariri wangu, najua huwa unapita hapa kimyakimya bila kuacha neno. Heshima yako iko pale pale. Arkwright nimemtazama kama ulivyoagiza.

Posho ya Machi bado.