Picha kuwa PDF: vyeti vyako vinapita mikononi mwa nani?

Kila msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu unapofunguliwa, vijana wa Tabora, Urambo, Nzega na Sikonge hujikuta na kazi ileile. Wanapiga picha vyeti vyao kwa simu, kisha wanatafuta namna ya kuzigeuza picha hizo kuwa PDF, kwa kuwa mifumo mingi ya maombi ndiyo inayotaka. Anayeomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal naye hukutana na sharti hilo.

Wengi huishia sehemu mbili: steshenari ya karibu au tovuti ya bure. Katika makala haya tunaangalia vyeti hivyo vinapita wapi, na kwa nini kazi hiyo inaweza kufanyika ndani ya simu yenyewe.

Kilichomo ndani ya karatasi

Mwombaji wa mkopo kutoka Bodi ya Mikopo, HESLB, huambatisha cheti cha kuzaliwa. Yatima huongeza cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ulemavu huongeza fomu iliyothibitishwa na daktari. Kwa mwombaji wa miaka 18 au 19, hiyo ni historia ya familia nzima: majina, tarehe, msiba na hali ya afya.

Anapotuma picha hizo kwenye WhatsApp ya steshenari, nakala hubaki katika simu ya duka na katika kompyuta ambayo watu wengi huitumia kwa siku. Mwenye duka anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini faili ambalo halikufutwa linaweza kufunguliwa na yeyote atakayekaa kwenye kiti kile baadaye.

Tovuti za bure zina hatari nyingine. Nyingi hufanya kazi kwa kupakia picha kwenye kompyuta iliyo mbali, mara nyingi nje ya nchi, kisha kukurudishia PDF. Machi 2025, ofisi ya shirika la upelelezi la Marekani, FBI, mjini Denver, ilionya kuwa wahalifu wanatumia tovuti bandia za kubadilisha mafaili kuingiza programu hasidi na kukusanya taarifa za watu kutoka kwenye mafaili waliyopakia.

Tabora inaijua habari ya mizigo kupita mikononi mwa watu. Ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipofika Kwihara, jirani na mji huo, alikuta mfuko wa barua za David Livingstone umekwama njiani. Ulikuwa na tarehe ya 1 Novemba 1870. Stanley aliufikisha Ujiji mwaka mmoja baadaye, na Livingstone mwenyewe ndiye aliyeufungua. Barua zilichelewa sana, lakini zilifika kwa mwenyewe. PDF ya leo hufika kwa dakika moja, huku ikiacha nakala kila inapopita.

Simu yako inatosha

Simu nyingi za Android zina uwezo huo tayari. Fungua picha, nenda kwenye menyu, chagua amri ya kuchapa, yaani Print kwa simu yenye Kiingereza. Mahali pa kuchagua printa, chagua kuhifadhi kama PDF. Kwenye iPhone, hifadhi picha katika programu ya Files, zichague, kisha chagua Create PDF. Kwenye kompyuta ya Windows, chagua picha zote kwa pamoja, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Print, kisha Microsoft Print to PDF.

Zima data kabla ya kuanza. Kama PDF inatoka bila intaneti, ugeuzaji umefanyika ndani ya simu. Hata hivyo, kwa programu uliyoipakua jaribio hilo pekee halitoshi, kwani inaweza kutuma taarifa data ikiwashwa. Agosti 2019, kampuni ya Kaspersky iligundua kijenzi hasidi cha matangazo ndani ya CamScanner, programu ya kuskani iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100. Google iliiondoa dukani, na ikarejea baada ya kusafishwa. Ndiyo maana tunashauri kuanza na kilichokuja na simu.

Kama lazima uende steshenari, usiondoke kabla faili halijafutwa mbele yako, kwenye kompyuta, kwenye pipa lake la taka na kwenye WhatsApp.

Mzigo usibaki kwa mwombaji peke yake

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Lakini sheria haiwezi kuirudisha nakala iliyokwisha kusambaa.

Hapo ndipo tunapoona pengo. Taasisi inayodai PDF humsukuma mwombaji asiye na kompyuta kutafuta mtu wa kati, na ulinzi wa mfumo wake huanza baada ya vyeti kuwa vimeshapita kwingine. Mfumo ungeweza kupokea picha kutoka kwenye simu na kuigeuza wenyewe. Hilo si gumu kiufundi, na lingempunguzia kijana wa Sikonge nauli, gharama ya skani na wasiwasi. Hadi hapo, njia fupi kwa cheti cha kifo cha mzazi ni kutoka kwenye simu ya mwanawe moja kwa moja hadi kwa anayekihitaji.