Je, Tupande Mbegu za GMO Uani Mwetu?



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia riziki kutoka ardhini, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wiki mbili zilizopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma wenziwe walipokwisha kuondoka. Mkononi alishika bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na pakiti ndogo yenye mbegu kumi za nyanya.

“Sheikh,” alisema, “binti yangu anaishi Marekani. Alipokuja kututazama aliniletea zawadi hii. Asema ni nyanya za rangi ya zambarau, ni za GMO, na huko watu wanazipanda majumbani mwao. Mimi sijazipanda. Lakini nilimhadithia jirani yangu, na tangu siku hiyo nikimpelekea mchicha haupokei. Asema bustani yangu imeingia GMO, na GMO ni sumu tena ni haramu. Nilipomuuliza kayatoa wapi hayo, akanambia ameyasikia kwako, juu ya mimbari.”

Tulinyamaza kidogo. Mama huyu na jirani yake wamepakana ukuta mmoja kwa miaka ishirini. Wamezaliana, wamezikana, na bakuli la mchicha au la mihogo limekuwa likivuka ukuta ule kwenda na kurudi. Sasa limesimama, na sababu iliyotajwa ni maneno yetu. Kwa hivyo kabla ya kumjibu mama kuhusu mbegu zake, haki yatutaka tuanze na hayo maneno.

Ni kweli tuliyasema. Mwezi wa Septemba mwaka 2012 ulitangazwa utafiti uliofanywa Ufaransa na Profesa Gilles-Éric Séralini, ambamo panya waliolishwa mahindi ya GMO walionyeshwa wakiwa na uvimbe mkubwa mwilini. Picha zile zilienea dunia nzima. Mwezi wa Novemba mwaka ule, Baraza la Mawaziri la nchi yetu likapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO. Nasi tukapanda mimbari, tukazitaja picha zile, na tukasema kwa ukali kwamba vyakula hivyo vinaleta saratani na kwamba Muislamu asivisogelee.

Tusichokisema, kwa kuwa hatukufuatilia, ni kilichotokea baadaye. Wataalamu wengi waliupinga utafiti ule. Walieleza kwamba panya waliotumika waligawanywa katika makundi ya kumi kumi tu, na kwamba ni wa aina ambayo wakizeeka hupata uvimbe kwa wingi hata wasipolishwa GMO, na kwa hivyo hukumu kubwa kama ile haiwezi kutolewa kwa ushahidi ule. Mwezi wa Novemba 2013 jarida lililouchapisha likauondoa, likisema matokeo yake hayatoshi kuthibitisha jambo. Mtafiti mwenyewe hakukubali, na mwaka uliofuata aliuchapisha mahali pengine. Lakini ule uhakika tulioutangaza sisi haukuwapo. Msomi wa dini akisema jambo la kidunia bila elimu nalo, watu hulibeba kama dini. Twaomba msamaha kwa Mola wetu, na kwenu pia.

Yatukumbusha kisa cha mitende ya Madina, kilichopokewa katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wakiipandishia mitende yao, yaani wakitia chavua ya mtende dume katika maua ya mtende jike, naye akaona huenda jambo lile lisiwe na faida. Wakaliacha, na mavuno yao yakapungua. Alipopata habari hiyo, aliwafahamisha kwamba katika mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu aliwaachia wakulima ujuzi wa mitende, sisi ni nani tusiwaulize wajuzi wa mbegu kabla ya kupaza sauti?

Basi tuliuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, GMO ni nini? Kila mmea una jeni, mfano wa maandishi madogo ndani yake yanayouamuru uwe na umbo gani, rangi gani na nguvu gani. Mbegu ya GMO ni ile ambayo wataalamu wameongeza au kugeuza maandishi hayo katika maabara, pengine kwa kuchukua jeni ya kiumbe kingine. Nyanya za yule mama zilitengenezwa na Cathie Martin na wenzake huko Norwich, Uingereza, kwa kuingiza jeni mbili za ua la bustani ili nyanya iwe ya zambarau hadi ndani. Tangu mwaka 2024 zinauzwa Marekani kwa watu wa kawaida wenye bustani, na zilipoanza kuuzwa pakiti ya mbegu kumi ilikuwa dola 20.

Hapa yafaa tuondoe mchanganyiko. Mbegu chotara, yaani haibridi tunazonunua madukani, si GMO. Hizo hupatikana kwa kuzalisha mmea mmoja na mwingine wa jamii yake, chavua kwa ua, kama walivyofanya watu wa Madina kwa mitende yao. Papai kubwa si lazima liwe GMO, wala tikiti lisilo na kokwa. Mmea wa GMO uliokwisha kufika mashambani mwa wakulima wa Kenya ni pamba, iliyoruhusiwa mwishoni mwa mwaka 2019 kwa sababu ya viwavi wanaotoboa vitumba vyake. Marufuku ya mwaka 2012 iliondolewa mwezi wa Oktoba 2022, na tangu hapo jambo limekuwa likibishaniwa mahakamani. Lakini mchicha, mnavu, kunde na bamia za uani mwetu hazimo katika mabishano hayo. Mama anayemkataza mwanawe papai la jirani kwa hofu ya GMO anamnyima riziki ya halali bila sababu.

Pili, je, ni haramu? Asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuharimisha. Wako wanaosema kwamba kugeuza jeni ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu, jambo lililokemewa katika Suratun-Nisaa. Hoja hii twaiheshimu. Lakini wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita, waliokutana Makka mwaka 1998, waliruhusu elimu hii itumike katika kilimo na mifugo, kwa sharti kwamba tahadhari zote zichukuliwe ili isimdhuru mtu, mnyama wala mazingira, hata baada ya muda mrefu. Nyanya iliyotiwa jeni ya ua haina najisi ndani yake. Lau jeni ingetoka kwa mnyama aliyeharimishwa, hapo pangekuwa na mazungumzo mengine, na muulizaji angehitaji kuwarudia wanazuoni.

Tatu, je, inadhuru? Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba vyakula vya GMO vilivyoko sokoni, ambavyo vimepita uchunguzi wa usalama, havielekei kuwa na hatari kwa afya ya mwanadamu, na kwamba kila kimoja kipimwe peke yake. Na manufaa yake yapo. Huko Hawaii, mwaka 1992, virusi viliingia katika wilaya ya Puna, ambako mapapai mengi ya visiwa vile yalikuwa yakilimwa, na mashamba yakaanza kufa. Dennis Gonsalves, mwana wa Hawaii, pamoja na wenzake walitengeneza mpapai wenye kinga, na mwaka 1998 mbegu zake zikagawiwa wakulima. Wengi waliokoka kwa mbegu hizo. Hapa kwetu pia ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha mihogo ardhini huku majani yakionekana mazima, na mtu hajui hasara yake mpaka achimbe. Watafiti wa Kenya wamekuwa wakishughulikia muhogo wa GMO wenye kinga ya ugonjwa huo. Ukija siku moja kwa njia iliyo wazi, hatutausema kwa ubaya kwa sababu ya jina lake.

Basi yule mama azipande nyanya zake? Jibu letu kwake lilikuwa: la, mamangu, pakiti hii usiipande. Uharamu wa nyanya sio sababu, wala sumu. Sababu ni njia iliyozileta.

Mbegu hazina budi kuingia nchini kwa kibali na kwa ukaguzi wa KEPHIS, na zikiwa za GMO zahitaji pia idhini ya mamlaka ya usalama wa viumbe, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009. Sheria hizi zina hekima. Wako virusi vya nyanya wanaokaa juu ya ganda la mbegu na kusafiri nayo kutoka nchi hadi nchi, wala macho hayawaoni. Akipanda mmoja, wakiugua ni mtaa mzima, na miongoni mwao yumo mjane anayeuza nyanya zake mafungu mafungu barazani. Kanuni ya dini yetu ni kwamba mtu asidhuru wala asilipize madhara. Binti alikusudia wema, na nia yake ina malipo yake inshallah. Zawadi yenyewe ikabidhiwe ofisi ya KEPHIS.

Na siku ambapo mbegu kama hizi zitauzwa kihalali katika maduka yetu, twausia kila nyumba iulize maswali matatu kabla ya kununua. Je, mmea huu utavuka ukuta? Nyanya hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, lakini chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo hadi shamba la mwenzako, naye ana haki ya kujua. Je, nitaruhusiwa kuweka mbegu na kumpa jirani? Kipando cha muhogo hapa pwani kwa desturi hakiuzwi baina ya majirani. Huombwa na kutolewa, nayo ni sadaka, kama ilivyo sadaka kila anachokula mtu, ndege au mnyama katika ulichokipanda. Mbegu inayokataza sadaka hiyo ifikiriwe mara mbili. Na tatu, je, nina haja nayo? Bustani ya ndoo tano na kitalu kimoja cha mchicha mara nyingi yahitaji zaidi samadi, maji ya jioni na mbegu nzuri tulizonazo.

Mwenye kuona shaka na kuamua kujiepusha, ajiepushe. Uchaji huo ni wake na hatumlaumu. Ila uchaji usigeuke kuwa tuhuma kwa mwenzake. Kuacha jambo la shaka ni kwa nafsi yako. Kumwambia mtu chakula chake ni haramu kwahitaji dalili.

Ijumaa iliyopita tulipanda mimbari ile ile tuliyoipanda mwaka 2012, tukayaeleza haya kwa kipaza sauti kile kile. Haikuwa rahisi. Lakini neno lililotoka hadharani hurekebishwa hadharani, na watoto wetu wa madrasa nao walikuwa wakisikiliza.

Na kwa yule jirani, ikiwa jarida hili limemfikia: ewe dada yetu, kosa lilikuwa letu, si la mwenzako. Mbegu zile hazikugusa udongo. Mchicha wake ni ule ule ulioula miaka ishirini. Twakuomba, akikuletea bakuli, lipokee. Na akichelewa, mtume mtoto akaliombe.

Mwenyezi Mungu atubarikie ardhi yetu na riziki zetu, atuepushe na kusema tusiyoyajua, na azipatanishe nyoyo za majirani. Amin.

Wabillahi tawfiq.