Pampu ipi tuchukue safarini?

Leo nataka tuzungumze habari ya upepo wa magurudumu. Labda mtasema ni jambo dogo. Nami nilifikiri hivyo, mpaka nilipofundishwa na njia.

Kwetu hapa Lagangabilili, wilayani Itilima, kiangazi kina miiba ya migunga. Masika nayo ina udongo mweusi wa mbuga, unaonata hata gurudumu likakataa kuzunguka. Mwaka jana, usiku, jirani yangu alinibishia hodi: mkewe ameshikwa na uchungu. Nikatoa pikipiki, nikampakia yule mama, mumewe akafuata kwa baiskeli. Katikati ya njia gurudumu la nyuma likaanza kulegea. Mwiba ulikuwa umo bado, na upepo ulitoka polepole. Tulihitaji upepo kidogo tu utufikishe zahanati. Nilikuwa na pampu mpya, tena katika boksi lake. Kumbe mdomo wake ulikuwa wa baiskeli, haukushika valvu ya pikipiki! Tulikaa gizani karibu saa nzima, mama yule akiumwa, mpaka alipopita kijana mwenye pampu ya mguu. Mtoto alizaliwa salama, Mungu ashukuriwe. Lakini kosa lilikuwa langu: nilinunua, nisijaribu.

Basi jambo la kwanza ni mdomo wa pampu. Baiskeli zetu nyingi za kizamani zina valvu ya namna yake. Pikipiki na magari yana valvu nyingine, nene, yenye kijiti cha chuma katikati. Pampu nyingine zina midomo miwili. Hizo ndizo za kutafuta.

Jambo la pili ni unene wa bomba la pampu. Bomba jembamba hutia upepo kidogo kidogo, lakini hukuwezesha kusukuma mpaka gurudumu likaze sana; lafaa baiskeli. Bomba nene hujaza upesi, lakini upepo ukizidi laelemea mkono. Kwa hiyo kwa pikipiki ni afadhali pampu ya mguu, maana unakanyaga kwa uzito wa mwili. Chagua yenye saa ya kupimia. Kipimo huandikwa PSI, yaani ratili kwa kila inchi ya mraba. Pikipiki nyingi za kazi hutaka kati ya 25 na 35, na la nyuma hutaka zaidi kuliko la mbele. Fuata maandishi ya kiwanda yaliyobandikwa kwenye chombo chako. Yale ya ubavuni mwa tairi la pikipiki au gari huonyesha mwisho wa upepo usiopaswa kupitwa.

Wenye gari wana kompresa ndogo ya umeme wa volti 12. Ile ya kuchomeka ndani ya gari hujaza polepole; yenye nguvu zaidi hubanwa moja kwa moja kwenye betri. Washa injini, tena mahali pa wazi, kwa maana moshi wake huua ndani ya banda. Ikipata moto sana, ipumzishe. Dereva anayepunguza upepo ili apite kwenye mchanga au tope, kompresa hii ni lazima awe nayo, kwani kukimbia barabara ngumu na magurudumu laini huharibu tairi na kuleta ajali. Lakini msiifunge kwenye pikipiki: betri yake ni ndogo, itakwisha.

Kuna pia vichupa vya gesi ya kaboni. Kimoja cha gramu 16 hujaza gurudumu moja la baiskeli mara moja, kisha kwisha. Kijijini utakipata wapi kingine?

Tena nawaonya vijana: msitie gesi ya kupikia wala oksijeni ya mafundi wa kuchomelea ndani ya tairi. Cheche moja yaweza kulipasua na kuua mtu.

Mkishanunua, fungueni boksi siku ile ile. Jazeni gurudumu lenu hapo nyumbani, mtoto wa kike naye ajue, na mama pia. Pampu yenye ngozi ndani, ipakeni mafuta kidogo, maana ngozi ikikauka upepo hurudi nyuma. Iwekeni pamoja na viraka, gundi na spana, katika mfuko mmoja usioazimwa.

Mimi sasa nina pampu ya mguu, na kila Jumamosi jioni naijaribu. Jirani yangu hunicheka, lakini mtoto wake anaanza kutambaa, na kicheko chetu ni cha furaha. Akiba haiozi. Kwaherini mpaka juma lijalo.